UKOO WA BI MWANAHAWA TANGA: Nani anamjua bingwa wa watoto?

Mama Nasri: Asalaam aleikum jamani. Naombeni ushauri, huyu Nasri ana miezi 8 sasa kila wiki mafua kila wiki kifua, nishachoka kuzungushwa, nani anamjua daktari mzuri wa watoto hapa mjini, nasema bingwa, sio hawa wanaoandika sindano kabla hujakaa kwenye kiti

Shangazi Mwanaidi: Waaleikum salaam mwanangu, pole. Huo mchango wa tumbo tu. Njoo Makorora nikupeleke kwa bibi mmoja anachua

Mama Nasri: Shangazi nawe 😂 mchango unakohoa?

Shangazi Mwanaidi: Cheka. Nyie wote mmekuzwa na dawa ya mchango

Wifi Rehema: Mi mwenzio nilikuwa nampeleka Sheila zahanati moja ya binafsi hapa jirani, akiwa na homa sindano, tumbo sindano, mara ya tatu nikauliza dokta mbona hujampima malaria akanijibu mama unajua kuliko mimi? Nikabeba mwanangu nikatoka. Hela nishalipa

Anko Bakari: Sasa dokta si dokta tu, bingwa wa nini kwa mafua

Tatu nesi: Hapana anko. Huku kwetu akivaa koti jeupe tu ni dokta. Tabibu kasoma diploma, wa MD, yaani digrii ya udaktari, kasoma miaka 5 na mwaka 1 wa mafunzo kazini, bingwa wa watoto ndo anarudi tena chuo miaka 3 kwa ajili ya watoto tu. Ila matabibu msiwadharau, mafua na kuhara yanaishia zahanati na mtoto anapona. Bingwa anatafutwa kwa kitu kama hiki cha Nasri, kinapoa kinarudi

Mama Nasri: Na nitajuaje kama ni bingwa kweli

Tatu nesi: Muulize, hakuna dhambi. Tena wote wanasajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika

Shemeji Juma: Kwani hospitali ya Bombo mabingwa si wapo, ya nini kuhangaika

Tatu nesi: Bombo ni ya rufaa shem, mwanzie kituo cha afya waandike rufaa. Na chini ya miaka 5 serikalini sera ni bure, ila dawa ikikosekana mtanunua duka la nje, mjipange

Wifi Rehema: Mi nilimpata mmoja anakaa kliniki jioni, hela ya kumwona imechangamka kidogo siwadanganyi, lakini yule baba aliniuliza maswali mpaka nikachoka. Mnapikia wapi, mkaa au gesi, nani anavuta sigara nyumbani, mtoto analala na nani. Akaomba kadi ya kliniki akaisoma yote. Mwisho wa siku dawa hakuandika hata moja, nikatoka nimenuna wallahi, nikahamisha jiko la mkaa nje kama alivyosema na Sheila kifua kikaisha

Mama Nasri: Sigara 👀 Anko Bakari

Anko Bakari: Mie navutia barazani

Mama Nasri: Na Nasri umempakata

Anko Bakari: Haya nimesikia

Tatu nesi: Mi nitakwambia kipimo changu kimoja. Mtoto kaletwa na kikohozi, daktari amvue nguo, aangalie kifua na ahesabu pumzi dakika nzima. Miezi 2 mpaka mwaka zikifika 50 zina haraka, akishapita mwaka ni 40. Asiyemvua mtoto nguo simrudii hata awe bingwa wa mabingwa

Mama Nasri: Ngoja nimhesabu

Mama Nasri: 46

Tatu nesi: Ananyonya?

Mama Nasri: Eeh

Tatu nesi: Muache atulie kwanza ndo uhesabu

Shemeji Juma: Mi nimejihesabu 17

Wifi Rehema: Shem hebu kaa kimya

Mama Nasri: 38 kalala

Tatu nesi: Afadhali, huo usiku mtalala. Ila sikieni wote, akishindwa kunyonya, au anatapika kila kitu, au degedege, au amelegea haamki, au kifua kinabonyea kwa chini akivuta pumzi, hapo hakuna cha kutafuta bingwa, bodaboda mpaka kituo cha karibu hata saa nane usiku

Mama Nasri: Sawa dada. Wifi nitumie namba ya huyo wa jioni inbox, kesho kutwa naenda

Tatu nesi: Na kadi usisahau. Akifika miezi 9 ana chanjo ya surua

Shangazi Mwanaidi: Nami naja. Nataka kumwona huyo daktari wa kuuliza watu wanapikia wapi

Mama Nasri: Shangazi usije na chupa ya mchango

Shangazi Mwanaidi: Naiweka kwenye mkoba tu