Wakuu, raucous ni kelele za namna gani hasa? Naombeni msaada

Habari zenu wakuu. Natafsiri hadithi fupi ya Kiingereza nimekwama kwenye neno moja, raucous. Mwandishi kalitumia kwa vicheko vya wanaume chumba cha pili, halafu mbele huko analitumia tena kwa kunguru, na kamusi yangu inasema tu "enye kelele". Sasa loud itakuwa nini? Na je ni neno la kusifia au la kuponda? Maana huyu mwandishi sioni kama anawachukia hao wanaume. Kesho kutwa nakabidhi kazi.

Mzee wa Kamusi: Mkuu anzia kwenye koo. Asili yake ni Kilatini, raucus, yaani sauti kavu ya kukwaruza, na Wafaransa mpaka leo wana rauque kwa sauti ya hivyo. Kwa hiyo sauti kuwa kubwa tu haitoshi. Radi ni loud ila sijawahi kuona mtu anaiita raucous, kunguru je? Hata akiwa peke yake juu ya mti anastahili. Hapo andika "kunguru wakilia kwa sauti za kukwaruza", imeisha.

Bi Shungi: Kwa kunguru sawa, ila kwa binadamu huo mkwaruzo umefifia mzee wangu, kinachobebwa zaidi ni watu kujiachia, wanaongea wote kwa mpigo hakuna anayemsikiliza mwenzake, huyu anagonga meza yule anacheka mpaka anakohoa. Mkutano ukifika hapo ndio raucous. Kusifia au kuponda inategemea nani anasimulia, aliye ndani ya sherehe anafurahia, jirani anayetafuta usingizi analaani. Mimi ningeweka "wakaangua vicheko vya makelele". Usiandike "kicheko kikubwa", hicho hata mtu mpole anacheka.

dogo_lugha: boisterous na rowdy je? mi naona zote ghasia tu

Mzee wa Kamusi: Hapana dogo. Boisterous ina uchangamfu, watoto wanaorukaruka na kupiga kelele kwa furaha. Zamani ilikuwa kali, kwenye Biblia ya King James ya 1611, Mathayo 14:30, upepo uliomtia Petro hofu umeitwa boisterous, leo imelainika. Rowdy inanuka fujo, hao ni watu wa kutolewa nje na walinzi. Na mleta mada usije ukatamka "raukasi", ni "rokas", o ivute, mkazo mwanzoni.

Mleta mada: Asanteni sana aisee. Bi Shungi huyo wa kucheka mpaka anakohoa yumo kabisa kwenye hadithi, "vicheko vya makelele" nachukua. Bado kuna mlevi, anaimba raucously. Nikisema "akaimba kwa kupayuka" nitakuwa nimekosea?

Bi Shungi: Hujakosea, kupayuka kuna kelele na kutojizuia humohumo. Kama mwandishi kaonyesha koo limemkauka kwa pombe ongeza "kwa sauti ya kukwaruza", kama hajaonyesha acha hivyohivyo.