Santorini siku nne: tulale Fira au Perissa?

Chausiku: Wakuu, tunakwenda Santorini, kisiwa cha Ugiriki, wanne mwishoni mwa Septemba, kwa meli kutoka Piraeus, bandari ya Athens. Picha zote ni za magenge ya miamba, ila wengine wanataja fukwe. Tulale upande upi? Na tukishuka melini tunafikaje mjini?

MzeeRamani: Fikiria bakuli lililomegeka. Volkeno ililipuka yapata miaka 3,600 iliyopita, katikati pakatitia, bahari ikaingia. Thira, kisiwa kikuu cha Santorini mtakachofikia, ni ukingo wa mashariki. Thirasia ni kipande cha magharibi. Kwa hiyo Fira, Imerovigli na Oia zimekaa juu ya genge linalotazama hilo shimo. Upande wa pili ardhi inateremka taratibu hadi Kamari na Perissa, kwenye mchanga mweusi. Mchana wa jua mchanga huo unaunguza, bebeni kandambili. Halafu msidanganywe na ramani: Kamari na Perissa zinaonekana jirani, lakini mlima Mesa Vouno umezitenganisha, gari lazima lizunguke.

Nanga_2: Feri zinatia nanga bandari ya Athinios, si bandari ya zamani iliyo chini ya Fira. Ile ya zamani ni ya abiria wa meli za kitalii: wanapanda kwa ngazi 588 au kwa gari la waya, na zikitia nanga meli tatu siku moja, foleni yake si ya mchezo. Athinios kuna basi la kwenda Fira. Mabasi karibu yote yanapita Fira, hivyo Perissa hadi Oia ni kubadilisha gari. Kutoka Piraeus meli ya kawaida huchukua kama saa 8, ya kasi kama 5, lakini upepo ukichafuka ya kasi ndiyo huahirishwa kwanza. Msipange feri na ndege siku moja.

MzeeRamani: Akrotiri nendeni saa za jua kali, kwani magofu yamefunikwa paa. Ni mji uliozikwa na majivu ya mlipuko huohuo. Uchimbaji ulianza 1967. Michoro ya ukutani mingine iko makumbusho ya Fira, mingine Athens.

Chausiku: Basi Perissa usiku tatu, Fira wa mwisho?

Nanga_2: Sawa kabisa, basi la bandarini linaanzia hapo. Ila kabla ya kulipia chumba cha Fira uliza kina ngazi ngapi kutoka barabarani. Vingi vimechimbwa gengeni, na teksi haifiki mlangoni.