Nimenunua Land Rover ya zamani, kila ninapofungua nakuta kiraka. Nianzie wapi?

MtuWaWete:

Assalamu alaykum wanajamvi. Nimechukua Land Rover fupi, Series III ya petroli, kwa warithi wa mzee mmoja aliyekuwa akibebea karafuu. Injini haina tatizo, hata betri ikilala naipiga hendeli inawaka. Balaa ni mafundi waliopita.

Chasisi upande wa nyuma imepigwa bati juu ya bati, kisha ikapakwa lami tele. Ubavuni bodi ilitoboka, wakaziba kwa kipande cha pipa na ribiti za chuma, sasa alumini pembeni mwake inatoa unga mweupe na tundu linazidi kukua. Nyaya zote nyekundu, za umeme wa nyumba, taa nyekundu, honi nyekundu, na fyuzi moja imevingirishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Breki ukikanyaga pedeli inakwenda chini, ukirudia ndiyo inashika. Sakafu ya miguuni si bati tena, ni mbao.

Jirani ananambia niuze kwa kilo. Sitaki. Nianzie wapi?

Ibra_Mkoani:

Chasisi, yakhe. Hiyo ndiyo mifupa. Uingereza wanauza chasisi mpya zilizochovywa zinki, ukifunga moja umemaliza, chumvi haiigusi miaka.

MtuWaWete:

Ibra, bei ya hiyo chasisi na kuisafirisha mpaka Pemba napata gari nyengine nzima.

FundiMstaafu_Saateni:

Waalaykum salaam mwanangu. Chasisi ngoja kwanza, ilivyooza ndivyo ilivyokuwa mwaka jana. Breki haingoji, na huko kwenu kuna miteremko.

Ingia chini, ufuate paipu ya breki kutoka masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, mpaka magurudumu ya nyuma. Pale inapogawika, itazame vizuri kulia na kushoto. Gari hizi zilizofanya kazi mashamba, mara nyingi utakuta paipu ya gurudumu moja imekatwa, imekunjwa, ikapigwa nyundo. Silinda ya gurudumu ilikuwa ikivuja, spea hakuna, karafuu iko juani, fundi akaliziba gurudumu ili gari itembee. Gari inabaki na breki tatu na hakuna aliyemwambia mnunuzi.

Kisha fungua kopo la oili ya breki, udondoshe tone kwenye kikombe cha maji, ukoroge. Oili ya breki ya kweli inachanganyika na maji. Ikielea juu, basi mtu alitia oili ya injini au ya haidroli, na hiyo inavimbisha mipira ya ndani ya silinda, ile inayozuia oili isivuje. Hapo usinunue mpira mmoja mmoja. Badilisha mipira yote ya masta silinda na ya magurudumu, badilisha hozi, paipu zioshe kwa spiriti mpaka itoke safi. Kikombe usikirudishe jikoni.

Pedeli kupanda ukikanyaga mara ya pili, sababu kubwa ni breki shuu, vile vipande vinavyobana, kukaa mbali na dramu, ile ngoma inayozunguka na gurudumu. Breki hizi hazijikazi zenyewe kama za gari za siku hizi. Nyuma ya gurudumu kuna kichwa cha bolti, unakizungusha mpaka gurudumu ligome, unarudisha kidogo mpaka lizunguke huru. Kazi ya dakika chache, lakini wengi waliona afadhali wakanyage mara mbili maisha yao yote.

Nyaya: kiwandani kila rangi ilikuwa na kazi yake. Kahawia inatoka betri moja kwa moja, nyeupe imeshapita swichi, kijani imepita fyuzi, nyeusi ni ethi, inayorudi kwenye bodi. Ile kahawia haina fyuzi yoyote, kwa hiyo kiungo cha kusokotwa kwa vidole na kufungwa selotepu kikikaa pale, kinaweza kuunguza gari imesimama nje ya nyumba. Mpaka utakapozibadilisha, kila ukiegesha vua waya wa betri. Hiyo karatasi ya sigara itoe leo hii.

Bodi ni rahisi. Chuma juu ya alumini, ukaongeza hewa ya bahari, alumini ndiyo inayoliwa. Kata kipande cha alumini, ribiti za alumini, paka rangi pande zote mbili kabla ya kufunga.

Chasisi ikifika zamu yake, ondoa lami, gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Kata mpaka pale panapolia, uchomelee bati la unene ule ule. Usimruhusu mtu kuchomelea juu ya kutu, maana chasisi ni boksi na inaoza kutoka ndani. Vitundu vya chini vya kutolea maji vizibue, ile lami ilishaviziba.

Lakini usimlaani kila aliyekutangulia. Miaka ya themanini mwanzoni kupata mpira mmoja wa breki ilikuwa safari. Hizo mbao za sakafu zikoje?

MtuWaWete:

Mvule, ami. Zimeungwa kama ubao wa jahazi, hazichezi, maji hayapandi. Zinanuka papa.

FundiMstaafu_Saateni:

Hiyo ni sifa, yale mafuta ya papa, alizipaka fundi wa vyombo vya baharini huyo. Ziache. Mtu huyo alijua anachokifanya kuliko huyo wa pipa.

BintJadida:

Baba yangu alikuwa akimimina sifa hata ndani ya chasisi, kila kabla ya masika. Kutu ilikuwa haishiki. Ila sisi watoto tulikuwa tukishushwa mbali na skuli, kwa ombi letu wenyewe.

MtuWaWete:

Nimerudi kutoka chini ya gari. Gurudumu la nyuma kushoto, paipu imekunjwa na kupigwa nyundo vile vile kama alivyosema ami. Na tone limeelea. Gari nimeiweka juu ya matofali, haitoki. Kuna anayevuka kuja Pemba kutoka Unguja wiki hii aniletee mipira ya silinda za magurudumu? Pesa nitatuma kabla, na sampuli nitampa nahodha nimjuaye Mkoani aipeleke, maana dukani ukitaja jina tu wanakupa ya gari nyengine.