Mjadala: Fedha za kuuponya mto Sabaki zije Malindi, au zianzie Ukambani?

Mwenye mada, Shela, Malindi

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Kila mwaka vuli ikinyesha bara, mto wetu hushuka na udongo. Kaskazi ikishika, mkondo huyasukuma maji mekundu upande wa kusini, yakapita mbele ya mji hadi kwenye matumbawe ya hifadhi. Mimi kazi yangu ni boti yenye sakafu ya kioo. Siku hizo mgeni huinama kutazama samaki akaona kama chai ya maziwa. Hifadhi hii ni ya tangu 1968, na mchanga umejaa ghuba hata hoteli zilizojengwa ukingoni mwa maji sasa bahari iko mbali nazo.

Machi 2025 serikali ilizindua mpango wa kuusafisha mto Nairobi. Mto Nairobi humwagika Athi, Athi ikipokea Tsavo huwa Galana, na Galana ikitukaribia ndiyo Sabaki. Kwa hiyo hapa mjini watu wanauliza: na fungu letu liko wapi?

Nasema hivi, na najua wengi mtanikasirikia. Serikali itenge fedha za bonde zima, na sehemu kubwa iende Ukambani, yaani Machakos, Makueni na Kitui. Isije hapa.

Udongo huu hautoki kwetu. Wanasayansi walitoboa tumbawe kubwa katika hifadhi yetu, lenye umri wa miaka 300 hivi. Matumbawe hukua kwa tabaka, kama pete za mti, na kila tabaka huhifadhi bariamu, aina ya metali, iliyoletwa na udongo wa mto. Walipozisoma tabaka zile wakaona udongo ulianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za ukoloni, mashamba na mifugo ilipobanwa kwenye miteremko ya bara. Tukipewa pesa tukachimbua tope hapa mdomoni, vuli ijayo litarudi lote.

Nahodha, Mayungu

Kaka, umetuuza. Magarini mafuriko ya 2023 yalibeba mashamba ya watu, na wewe unataka hela ziende kwa waliotuletea huo udongo? Mtu anaharibu, halafu analipwa ili aache kuharibu! Sisi tunahitaji kingo za mto zijengwe, na wavuvi wapate boti za kufika maji safi. Hayo ya juu wayafanye wenyewe.

Mzaliwa wa Machakos, mke wa Malindi

Shemeji yangu nahodha, niruhusu. Kwetu udongo ukishuka, hupoteza kwanza mwenye shamba. Wakoloni waliwalazimisha wazee wetu kuchimba matuta, wakayachukia. Baadaye wakayafanya kwa hiari, kwa vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, na njia yenyewe ina jina la Kiswahili: fanya juu. Unachimba mtaro kukingama mteremko, udongo unautupa upande wa juu, tuta linashika maji, na shamba linajisawazisha lenyewe mwaka baada ya mwaka. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua. Jambo hili linawezekana, limeshafanyika.

Lakini shamba la baba yangu leo matuta yamebomoka. Vijana wako Nairobi, na barabara mpya imeelekeza mtaro wake wote kwetu. Mzee wa miaka 70 atachimba na nani?

Msomaji, Maweni

Mimi sina shaka na matuta, nina shaka na pesa. Kwenye mradi wa serikali wa Galana-Kulalu tuliahidiwa ekari milioni moja za kilimo. Tulianza kusikia shamba la mfano la ekari 10,000, na tukabaki hapo hapo miaka na miaka. Fungu likitoka litaishia kwenye semina na magari. Nani atajua kama udongo umepungua?

Mvuvi wa kamba, Ngomeni

Msisahau na sisi. Kusi ikivuma maji ya mto huja upande wetu, na kamba wa ghuba ya Ungwana wanaishi kwa huo mto. Mikoko ya mdomoni imeota juu ya tope. Mkiuzuia mto mkaletea bahari maji matupu, mtatuua njaa. Mto upungue udongo, usikauke.

Mwenye mada

Ndugu yangu wa Ngomeni, umenifunza, na nakubali. Ndiyo maana nataka matuta kuliko bwawa jingine. Tuta huzuia udongo, maji yakazama ardhini, yakarudi mtoni polepole wakati wa kiangazi. Na kiangazi ndicho hutubana: visima vya Baricho viko kwenye mchanga wa Sabaki hii hii, na Malindi, Kilifi hadi Mombasa tunakunywa humo.

Nahodha, hasira yako naielewa, nami ni mtu wa bahari kama wewe. Ila kaunti yetu ya Kilifi haiwezi kumwamuru mkulima wa Makueni. Katiba imeiachia serikali ya kitaifa rasilimali za maji, na kaunti zitekeleze hifadhi ya udongo. Serikali ya kitaifa isipolipa, hakuna mwenye nguvu ya kuanzia Ngong hadi hapa.

Kuhusu pesa kuliwa: malipo yatoke kwa mita ya tuta iliyochimbwa, ipimwe na chama cha watumiaji maji cha eneo jingine, si cha hapo hapo. Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama hivyo. Na kipimo cha udongo kichukuliwe darajani Sabaki, kila wiki ya mvua, kibandikwe hadharani. Sisi wa chini tuwe ndio wenye kushika kile kipimo.

Nahodha, Mayungu

Na vuli tatu zikipita, kipimo hakijashuka?

Mwenye mada

Malipo ya bara yasimame, na fedha zilizobaki zihamie kingo za Magarini. Hilo liandikwe tangu mwanzo, kabla shilingi ya kwanza haijatoka.

Nahodha, Mayungu

Liandikwe, kisha nitaunga mkono. Kabla ya hapo, bado sijakubali.