Mrejesho: pancha njia ya Natron

Wakuu habari, mimi ndo yule niliyeuliza nijipange vipi na pancha toka Mto wa Mbu kwenda Lake Natron na Prado yenye spea moja. Tumeenda tumerudi salama.

Aliyesema nishushe upepo wa tairi mpaka psi 26 ubarikiwe, yale mawe ya mbele ya Engaruka ni wembe mtupu, ila kwenye lami ya kurudi Arusha nikajaza tena manake tairi laini ukikimbiza linachemka. Pancha tulipata, mwiba wa mgunga umezama katikati ya kashata (pale tairi linapokanyaga barabara), sikuuchomoa kwanza, nikaandaa kila kitu ndo nikauvuta kwa koleo, nikasugua tundu, nikasukuma ndani ile kamba ya gundi ya kuzibia pancha, nikakata mkia, nikajaza upepo kwa pampu ya betri, nikamwagia maji ya sabuni wala hakuna povu, hata tairi sikufungua. Ya pili ilichanika ubavuni, hapo kamba haifui dafu, ni spea tu, na kile kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki jamani kiliokoa maana vumbi la kule jeki inazama hivi hivi unaiona.

Tyubu mliyosema nibebe sikuihitaji, ila ipo kwenye buti na haitoki.