MREJESHO: Mjomba aliyegeuka rangi ya majivu

Wakuu, habari za siku. Niliuliza hapa kuhusu mjomba wangu wa Kirumba, Mwanza, muuza dagaa pale soko la Mwaloni, ambaye uso na mikono vilikuwa vinageuka rangi ya majivu huku mizizi ya kucha ikipiga bluu. Wengi mlidhani ni moyo au mapafu. Aliyeuliza "anakunywa dawa gani za mtaani?" ndiye aliyelenga, Mungu ambariki.

Kumbe alikuwa anatumia matone ya madini ya fedha kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Daktari alichukua kipande kidogo cha ngozi kikapimwa, akasema ni ajiria: chembe za fedha hujikusanya ndani ya ngozi, na jua likizipiga zinakuwa nyeusi, kama picha za filamu za zamani. Ndiyo maana mgongoni, panapofunikwa na shati, hali ni afadhali.

Matone ameacha, anavaa kofia pana na mikono mirefu, maana jua la ziwani linakupiga kutoka juu na kutoka majini. Rangi haijazidi. Lakini haijatoka, na tumeambiwa haitatoka yenyewe. Maziwa na limao hayakufanya lolote. Mkorogo wa kujichubua tulikataa, dada uliyesisitiza utusamehe. Matibabu ya mwanga wa leza husaidia baadhi ya watu, ila gharama hatuiwezi kwa sasa.

Tumbo lilipimwa, wakakuta bakteria, akapewa antibaiotiki. Sasa anakula hadi pilipili! Asanteni sana. Tukifika kwenye leza nitarudi.