Uhandisi unamfundisha mtu biashara kweli?

mdau_igoma: Wakuu, dogo langu linasoma umekanika mwaka wa 3, projekti yao ni kutengeneza kaushio la dagaa la sola, sasa mi nauliza hapo anajifunza kujiajiri au ni cheti tu?

fundi_wa_nyakato: Anajifunza sana mkuu. Kabla hajachomelea chuma inabidi ashuke Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, awaulize kina mama mvua ikinyesha dagaa wanaanika wapi, wanapoteza kiasi gani, halafu ndo apige hesabu ya bati, nailoni na wavu, hapo biashara ishaanza

binti_ziwani: Naongezea, kwenye bei asiweke vifaa tu, aweke na muda wake!! Na aanze na kaushio dogo la mfano, ampe mama mmoja alijaribu, akisema trei nzito abadilishe. SIDO, lile shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wapo hapo Mwanza, aende akaulize.